Lahaja Mbili, Kitabu Kimoja: Biblia ya Kiswahili na Waumini wa Pwani ya Kilifi

Historia ya Ukristo katika pwani ya Kilifi na Malindi aghalabu husimuliwa kwa kutaja wamishenari na majengo yao. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, hata hivyo, upo upande mwingine usiofaa kupuuzwa, nao ni lugha ambayo waumini walifundishiwa. Makala hii inakusudia kueleza jinsi Kimvita kilivyopata Biblia yake mwanzoni mwa karne ya 20, na jinsi kilivyopokonywa nafasi hiyo katikati ya karne iyo hiyo.

Msingi uliwekwa mapema. Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na chama cha CMS, alifika Mombasa mwaka 1844, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa msaada wa kadhi wa mji huo. Mwaka 1846 yeye na Johannes Rebmann walifungua kituo Rabai, ambayo leo imo katika Kaunti ya Kilifi. Msaada wa kadhi haukuwa jambo dogo. Istilahi kama vile malaika, nabii, imani, dhambi na injili zilikwisha kukomaa katika vinywa vya Waislamu. Hata kanisa, askofu na kasisi ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Ukristo wa pwani, basi, ulijifunza kusema kwa lugha iliyolelewa na Uislamu.

Huko Unguja, misheni ya UMCA ilikamilisha Biblia ya Kiunguja mwaka 1891. CMS, iliyokuwa na vituo Mombasa, Rabai na Jilore karibu na Malindi, haikuridhika nayo, ikatayarisha yake. Agano Jipya la Kimvita lilitoka mwaka 1909, na Biblia nzima mwaka 1914.

Kwa waumini wa Kimijikenda, tofauti hii ilikuwa na uzito. Tutazame mifano miwili. Mgiriama husema *matso*, Mmvita *mato*, Muunguja *macho*. Mgiriama husema *tsi*, Mmvita *nti*, Muunguja *nchi*. Lahaja hizi zote ni za ukoo mmoja, na Kimvita ndicho kilichokuwa kikisikika sokoni na bandarini kwa majirani hao.

Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa kwenyewe uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Wamishenari wa CMS wa Mombasa walipinga, wakashindwa. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930, na vitabu vya shule vikafuata mkondo huo. Kanisa nalo halikuweza kubaki nyuma ya shule: mwaka 1952 ilichapishwa Biblia ya muungano, iliyojengwa juu ya Kiunguja, ili itumiwe na misheni zilizokuwa zimegawanyika kilahaja.

Faida ya hatua hiyo haikanushiki. Mkristo wa Kaloleni na wa Dodoma waliweza kusoma kitabu kimoja. Lakini hasara nayo ilikuwapo. Kimvita kilikuwa na fasihi kongwe ya ushairi. Sasa kilipoteza mojawapo ya matumizi yake makuu ya kimaandishi, kikabaki zaidi kuwa lugha ya kusemwa. Aidha, tahajia sanifu haionyeshi tofauti ambazo sikio la Mmvita huzitambua, kama ile ya *paa* la nyumba na *paa* mnyama, ambaye jina lake hutamkwa kwa mpumuo.

Kwa kuhitimisha, ni vyema ieleweke kwamba usanifishaji haukuamuliwa na serikali pekee, wala haukuishia shuleni. Ulifika hadi katika sala za watu. Wanafunzi wa isimu wanaotafuta mada ya utafiti wana hazina hapa: kuilinganisha Biblia ya 1914 na ile ya 1952, aya kwa aya, na kuwahoji wazee wa Rabai na Jilore kuhusu lugha waliyosikia makanisani utotoni. Nakala huoza na wazee huondoka. Kazi hiyo haifai kuahirishwa.