Hewa ya Mpanda na Nguvu ya Injini

Nguvu ya injini ya motokaa haitokani na petroli peke yake, bali na kadiri ya hewa iingiayo katika silinda. Kwa uzito, petroli sehemu 1 huhitaji hewa sehemu 14.7 ipate kuungua yote. Mji wa Mpanda, mkoani Katavi, uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu sehemu moja ya kumi. Basi injini yenye kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam hupata huko petroli ya kuzidi: hutoa moshi mweusi, plagi hushika masizi, na nguvu hupungua. Anayeongeza petroli huzidisha ila hiyo.

Fundi wa injini ya mashindano hupunguza tundu la petroli, huwahisha cheche kidogo, na aweza kuchonga uso wa kichwa cha silinda ili mgandamizo uongezeke; kwani penye hewa nyepesi mchanganyiko haulipuki wenyewe upesi. Lakini injini hiyo ikirudishwa pwani pasipo kurekebishwa, yaweza kugonga hata pistoni zikatoboka. Kwa hiyo injini hodari ni ile iliyolinganishwa na mahali pake.