Je, Wajua? Paa la Kitonyoni Lilivuna Jua na Mvua

Ukiteremka kutoka vilima vya Nunguni vyenye baridi hadi nyanda kavu za Kaunti ya Makueni, utafika Kitonyoni. Mwaka 2012, soko hili dogo lilipata umeme wake lenyewe, kwa ushirikiano wa wanakijiji na Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza.

• Mtambo ulikuwa wa sola, wenye uwezo wa kilowati 13.5. Betri zilihifadhi umeme wa mchana ili taa ziwake usiku.

• Wanakijiji waliunda ushirika wa kuuendesha. Ada za uanachama na mauzo ya umeme yalikuwa miongoni mwa mapato yake.

• Paneli zilipangwa zikawa paa. Mvua iliponyesha, maji yaliteleza juu ya vioo, yakaingia mferejini, yakajaza matangi. Ukambani, ambako punda hubeba mitungi ya maji mwendo mrefu, hiyo ni neema maradufu.

Wakamba huiita kazi ya pamoja *mwethya*. Ndiyo iliyochimba matuta ya mashamba yao. Kitonyoni ilithibitisha kuwa *mwethya* huwasha taa pia. Hakika, kidole kimoja hakivunji chawa.