Msumeno wa Kuunganisha kwa Vipuri: Anayeufunga Ndiye Anayewajibika

Kwa fundi mwenye mtaji mdogo, tangazo la seti ya vipuri vya msumeno wa mnyororo, mashine ambayo wengi huiita chensoo, lina mvuto mkubwa. Ndani ya kasha moja huwa na injini iliyotenganishwa vipande vipande, tangi la mafuta, kabureta, kamba ya kuwashia, klachi na mifuniko yote. Bei yake mara nyingi haifiki nusu ya bei ya mashine ya aina hiyo iliyokamilika kiwandani. Fundi hutakiwa kuongeza bamba linalobeba mnyororo, mnyororo wenyewe, mafuta na saa kadhaa za kazi.

Biashara hii si ya magendo, na seti hizo si lazima ziwe mbovu. Hata hivyo, zina jambo moja ambalo tangazo halilielezi. Mashine inayotoka kiwandani imekwisha kupimwa na mtengenezaji wake, ambaye huwajibika ikiwa ina kasoro. Mashine inayofungwa mtaani kutokana na kasha la vipuri haijapimwa na mtu yeyote mpaka fundi aliyeifunga aipime. Yeye ndiye kiwanda. Makala haya yanafafanua maana ya wajibu huo kwa mafundi, kwa wakazi wa Kata za Kikuyu Kaskazini na Kikuyu Kusini wanaowakodi, na kwa wote wanaofanya kazi karibu na mashine hizo.

Seti hizi zinatoka wapi

Misumeno inayoigwa zaidi ni ile iliyojipatia sifa ya uimara kwa miaka mingi. Miongoni mwake ni Stihl MS 660 ya Ujerumani, yenye injini ya takribani sentimita za ujazo 92, na Husqvarna 372 ya Uswidi. Stihl 070, mashine kongwe na nzito yenye takribani sentimita za ujazo 106, nayo huigwa. Miundo hiyo imekuwapo kwa miongo kadhaa. Hataza, yaani haki ya mvumbuzi ya kuzuia wengine kutengeneza uvumbuzi wake, kwa kawaida hudumu miaka 20. Muda huo ukipita, kiwanda kingine kinaweza kutengeneza vipuri vya muundo huo na kuviuza kwa jina lake. Viwanda vya China ndivyo vilivyoongoza, na Farmertec ni mojawapo ya vinavyojulikana zaidi kwa kuuza vipuri hivyo kimoja kimoja, kwa seti nzima, na kwa mashine zilizokwisha kufungwa.

Hapo ndipo ilipo tofauti kati ya kipuri mbadala na bidhaa bandia. Kipuri mbadala huuzwa kwa jina la aliyekitengeneza, na mnunuzi hujua anachonunua. Bidhaa bandia hubandikwa nembo ya kampuni nyingine ili kumdanganya mnunuzi. Kuuza bidhaa bandia ni kosa chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa, ambayo Tume ya Ushindani (FCC) ina jukumu la kuisimamia. Kwa sababu hiyo, fundi aliyefunga msumeno kwa vipuri mbadala kisha akaubandika nembo ya kampuni maarufu ili auuze kwa bei ya juu, ameiacha biashara halali na kuingia katika udanganyifu.

Yaliyomo katika kasha, na mahali panapoharibika

Mafundi wengi wa mitaani wamejifunza kazi kwa pikipiki za bodaboda. Ujuzi huo unasaidia, lakini unaweza pia kupotosha. Injini ya bodaboda ina oili yake ndani ya injini. Injini ya msumeno haina. Oili yake huchanganywa na petroli, na mchanganyiko huo ndio unaolainisha pistoni, silinda na beringi. Kipimo cha kawaida ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili ya 2T, yaani mililita 20 za oili kwa kila lita moja, au mililita 100 kwa lita tano. Ikiwa maelekezo ya seti yanataka sehemu 25 kwa 1, kiasi hicho huwa mililita 40 kwa lita. Msumeno ukiwekewa petroli tupu, pistoni hukwaruza silinda na kukwama baada ya muda mfupi, na kasha zima la vipuri huwa limepotea.

Adui wa pili ni hewa inayopenya. Injini hii huvuta mafuta na hewa kupitia sehemu yake ya chini, palipo na kranki. Gasketi isipokaa vizuri, au mpira wa kuzuia mafuta ukipasuka wakati wa kuingizwa, hewa ya ziada huingia na kuupunguzia mchanganyiko mafuta. Injini hapo huzunguka kwa kasi isiyo ya kawaida, sauti yake huwa kali, na mtu asiyejua hudhani ina nguvu nyingi, kumbe inaungua. Mafundi makini huziba matundu ya injini, huijaza hewa kidogo kwa pampu yenye geji, kisha husubiri kuona kama mshale unashuka. Kipimo hicho hufanywa kabla msumeno haujawashwa kwa mara ya kwanza.

Wafungaji wazoefu wa seti hizi wana desturi nyingine: hawatumii kila kilichomo katika kasha. Klipu ndogo zinazoshikilia pini ya pistoni, mipira ya kupitishia mafuta na ringi za pistoni ni vitu ambavyo wengi hununua upya kwa ubora wa juu zaidi. Klipu moja ikichomoka, huharibu silinda yote. Nafasi kati ya koili na magneti nayo hupimwa. Kadi nyembamba ya biashara, yenye unene wa takribani robo ya milimita, huwekwa katikati, koili hukazwa, kisha kadi hutolewa.

Mazingira ya Dodoma yana masharti yake. Vumbi la kiangazi huziba kichujio cha hewa upesi, hivyo kichujio hukaguliwa kila siku ya kazi. Aidha, jiji liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Kabureta iliyorekebishwa hapa hupunguzwa mafuta ili ilingane na hewa hiyo. Msumeno huohuo ukipelekwa Morogoro au Pwani bila kurekebishwa upya, hukosa mafuta ya kutosha na kupata joto la kupita kiasi.

Breki ya mnyororo si pambo

Injini ikiungua, hasara ni ya fedha. Mnyororo usiposimama, hasara inaweza kuwa ya mkono, uso au maisha. Injini inapozunguka mara 10,000 kwa dakika, mnyororo wa kawaida wa mashine kubwa, ukivutwa na gia ya meno saba, hupita kwa takribani mita 22 kila sekunde. Hakuna mtu awezaye kuukwepa kwa wepesi wa mwili.

Hatari kubwa zaidi ni ncha ya juu ya bamba kugusa mti au tawi lililojificha. Meno hunasa, na msumeno wote hurushwa juu na nyuma, kuelekea uso wa anayeushika. Kwa ajili hiyo ipo breki ya mnyororo, ile kinga iliyo mbele ya mkono wa kushoto, ambayo ikisukumwa hukaza mkanda wa chuma na kuusimamisha mnyororo papo hapo. Baadhi ya miundo ya zamani iliundwa kabla breki hiyo haijawa ya kawaida. Kwa hiyo, anayechagua seti aangalie kwanza kama breki imo, kisha ndipo aulize bei.

Msumeno uliofungwa upya usipewe mteja wala usipelekwe kazini kabla ya kukaguliwa katika mambo haya:

1. Injini ikiwa katika mwendo wa chini, mnyororo usizunguke hata kidogo. Ukizunguka, mwendo huo uko juu mno au klachi ina kasoro.
2. Breki ikisukumwa, mnyororo usimame mara moja. Jaribio hili lirudiwe kila asubuhi kabla ya kazi.
3. Kifaa cha kudaka mnyororo uliokatika, kilicho chini ya bamba, kiwepo na kiwe kizima.
4. Kitufe cha kuzima kizime kweli, na kile cha kuzuia mafuta yasivutwe kwa bahati mbaya kifanye kazi.
5. Oili ya mnyororo itoke. Bamba likielekezwa kwenye karatasi nyeupe huku injini ikizunguka, mstari wa oili uonekane.
6. Mipira ya kupunguza mtetemo iwe imekaa. Mtetemo wa muda mrefu huua hisia za vidole.

Kinga za mwili zihesabiwe kuwa sehemu ya bei ya msumeno. Kinga hizo ni kofia ngumu, miwani au wavu wa uso, vizibo vya masikio kwa kuwa mlio wa mashine hizi huvuka desibeli 100, viatu vigumu, na suruali maalumu yenye nyuzi zinazonasa mnyororo. Fundi aliyeokoa nusu ya bei kwa kufunga mwenyewe anao uwezo wa kutenga sehemu ya fedha hiyo kwa ajili ya kinga.

Karatasi za mashine na karatasi za mti

Mashine ya kuunganisha ina tatizo lingine: mara nyingi haina stakabadhi moja inayoitambulisha kama mashine nzima. Mmiliki atunze stakabadhi za seti, za bamba, za mnyororo na za kila kipuri alichobadilisha, pamoja na picha za hatua za ufungaji. Siku itakapoibwa, au atakapoulizwa uhalali wake, kumbukumbu hizo ndizo zitakazomtetea.

Kumiliki msumeno si ruhusa ya kukata mti. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakataza kukata miti ndani ya hifadhi za misitu bila kibali. Yeyote anayekusudia kuutumia msumeno katika uvunaji wa mazao ya misitu afike kwanza kwa Afisa Misitu wa Jiji au ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), apewe maelekezo ya vibali na ya usajili wa mashine yake.

Hata mwarobaini ulio ndani ya kiwanja cha mtu haufai kuangushwa bila taarifa. Mkazi aanze kwa Mwenyekiti wa Mtaa na Ofisi ya Mtendaji wa Kata, ambako ataelekezwa kwa wataalamu. Mti uliokaribia nyaya za umeme usiguswe kabla TANESCO haijaarifiwa. Mti ulio katika hifadhi ya barabara uko chini ya mamlaka ya barabara hiyo, iwe TARURA au TANROADS. Ikumbukwe kwamba Dodoma ni eneo kame. Mti uliochukua miaka 20 kutoa kivuli huangushwa kwa dakika chache, na mrithi wake huhitaji kumwagiliwa kwa misimu mingi ya kiangazi.

Mkazi anayekodi aulize nini

Mwenye kiwanja anayemkodi fundi ana haki ya kuuliza maswali manne kabla ya kukubaliana bei. Je, mashine ina breki, na fundi yuko tayari kuionyesha ikifanya kazi? Je, amevaa kinga? Je, ruhusa ya kukata mti huu imepatikana? Na je, mti ukiangukia ukuta wa jirani, au msaidizi akiumia, nani atagharamia? Fundi anayekasirishwa na maswali hayo hafai kupewa kazi hiyo.

Kwa mwenye kuajiri, wajibu ni mkubwa zaidi. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba mazingira na mitambo ya kazi ni salama. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) nao hulipa fidia mfanyakazi anayeumia kazini, lakini mwajiri anatakiwa awe amejisajili na anachangia. Kijana anayeshikishwa msumeno kwa ujira wa siku, bila mkataba wala kinga, hubeba peke yake hatari ambayo sheria imemtwisha mwajiri.

Mafundi wanaotaka kuifanya kazi hii kwa utaratibu wanaweza kupata mafunzo ya ufundi wa mitambo katika vyuo vya VETA. Vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinaweza pia kuulizia mikopo isiyo na riba itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, kwa kuonana na Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata. Kikundi kinachoandika andiko la mradi wa misumeno kiorodheshe kinga za mwili na vipimo vya ukaguzi pamoja na mashine zenyewe, kwa kuwa bila hivyo mradi una hatari ya kusimama siku mshiriki wa kwanza atakapoumia.