Adui Mgumu Si Mwenye Damu Nyingi

Adui ana damu 400. Bunduki yako inamtoa 50 kwa kila risasi, na inafyatua risasi tano kwa sekunde. Ukilenga bila kukosea, sekunde 1.6 zinatosha kumwangusha. Sasa rudi kwenye menyu, uchague ngazi ya juu kabisa ya ugumu. Adui yuleyule ana damu 1,600, na kumwangusha kunachukua sekunde 6.4. Amejificha nyuma ya pipa lilelile, anachungulia kwa mtindo uleule, na wewe unabonyeza kitufe kilekile. Kilichoongezeka ni muda tu.

Hapo ndipo yanapokwama magemu mengi ya risasi yenye kukuza mhusika, yale ambayo mchezaji anapigana huku akikusanya alama za uzoefu, akipanda levo, akichagua ujuzi na kuboresha silaha. Vijana wanaosomea kompyuta katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, au katika vyuo vya Iringa, wana uwezo wa kufungua faili za gemu la namna hiyo na kubadili namba zake, na baadhi yao kesho watatengeneza ya kwao. Makala haya nawaandikia hasa wao. Hoja yangu ni moja: ngazi ngumu inastahili jina hilo pale inapomlazimisha mchezaji aamue upya, dakika baada ya dakika. Hesabu inalithibitisha hilo, saikolojia inalithibitisha, na historia ya Uhehe, nchi ya Wahehe huko Iringa, ina la kusema pia.

Namba inayomezwa na namba

Tuanze na hesabu. Tuseme nguvu ya mhusika wako inapanda kwa asilimia 15 kila levo. Baada ya levo kumi nguvu hiyo imefika mara nne ya ile ya mwanzo, kwa kuwa ongezeko hujengwa juu ya ongezeko. Maana yake, ule ugumu wa mara nne uliowekwa kwenye menyu umemezwa wote. Saa za mwanzo zinamtesa mchezaji ambaye hana kitu, na saa za mwisho, ambapo angepaswa kutoa jasho, anatembea kama yuko sokoni. Mtengenezaji akiamua kuwapandisha maadui sambamba na mchezaji, anaangukia shimo la pili: levo zinapanda lakini hakuna kinachobadilika, na ile raha ya kukua, ambayo ndiyo moyo wa magemu haya, inakufa.

Mfano unaojulikana ni Borderlands 2 la kampuni ya Gearbox, lililotoka mwaka 2012. Mwaka 2013 liliongezewa ngazi ya juu ambamo damu ya maadui ilipandishwa mara nne, na damu hiyo ikawa inajirudisha yenyewe ukimwacha adui apumue. Ili mchezaji asishindwe kabisa, kemikali moja ya zambarau ndani ya gemu ilipewa nguvu ya kuzidisha madhara mara tatu kwa adui aliyepakwa. Matokeo yake yalikuwa rahisi kutabiri. Kila pambano likawa na hatua mbili zilezile: mpake, kisha badili bunduki umalize. Gemu lililojivunia mamilioni ya aina za bunduki likajikuta linamdai kila mchezaji afuate njia moja. Namba ilipanda, machaguo yakapungua.

Kete 64, michezo miwili

Waafrika Mashariki walikwishapata jibu la tatizo hili zamani sana, juu ya ubao wenye mashimo 32.

Bao la kujifunza na bao la Kiswahili hutumia ubao mmoja na kete zilezile 64. Katika bao la kujifunza, kila shimo linaanza na kete mbili, na wachezaji wanaanza kusambaza papo hapo. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji anaweka kete kumi tu ubaoni, sita kwenye shimo maalumu liitwalo nyumba na mbilimbili kwenye mashimo mawili ya jirani, kisha anabaki na 22 mkononi. Hizo anaziingiza mojamoja katika sehemu ya kwanza ya mchezo, yaani namua. Baada ya namua ndipo sehemu ya pili, mtaji, inapoanza.

Angalia kilichotokea. Hakuna kete iliyoongezwa, wala shimo lililochimbwa. Kilichoongezwa ni sheria zinazozaa maamuzi. Ukiweza kula kete za mwenzako lazima ule, kwa hiyo mwenzako anaweza kukutegea mlo utakaokuangamiza. Ukila, mara nyingi unachagua kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, cha kushoto au cha kulia, na chaguo hilo linabadili ubao mzima. Kete ya mwisho ikiangukia nyumba yako, unaamua kama utalala hapo uitunze akiba, au utaisafirisha nyumba na kumwaga hazina yako yote upande wa mbele, ambako inaweza kuliwa. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt, aliyefanya kazi na mabingwa wa Zanzibar na kuchapisha utafiti wake mwaka 1995, aliuchukua mchezo huu kama dirisha la kuchungulia mipaka ya akili ya binadamu katika kupiga hesabu za mbele. Bao limefikia hadhi hiyo kwa kete 64 tu.

Lugalo na Kalenga

Vita vya kweli si mchezo, na waliokufa Iringa walikuwa watu. Lakini anayetengeneza gemu la mapigano anahitaji kujua ugumu wa adui hutoka wapi, na somo hilo liko karibu na nyumbani.

Tarehe 17 Agosti 1891, msafara wa Wajerumani ulioongozwa na Emil von Zelewski, ambaye wenyeji walimwita Nyundo, ulikuwa unapita Lugalo, mashariki ya mji wa sasa wa Iringa. Ulikuwa na askari wenye bunduki za kisasa, mizinga na rashasha. Wahehe, chini ya mtawala wao Mkwawa, walikuwa na mikuki zaidi kuliko bunduki. Kwa kipimo cha namba, yaani madhara kwa kila pigo, Nyundo alikuwa mbali mbele. Lakini askari wake walikuwa wanatembea katika mstari mrefu, silaha kubwa zikiwa bado mizigoni, na Wahehe walikuwa wamejilaza vichakani na kwenye miamba ya kando ya njia. Walitoka kwa pamoja, wakiwa karibu mno kiasi kwamba bunduki nyingi hazikupata nafasi ya kufyatua mara nyingi. Kwa dakika chache sehemu kubwa ya msafara ilikuwa imeangamia, Zelewski mwenyewe akiwemo.

Miaka mitatu baadaye, tarehe 30 Oktoba 1894, Wajerumani waliishambulia Kalenga, makao ya Mkwawa. Safari hii Mkwawa alikuwa ndani ya ngome ya kuta ndefu za mawe. Ukuta ni kizuizi kikubwa, lakini haubadili mahali na hauna la kuamua. Mizinga iliupiga, ngome ikaingiliwa, Kalenga ikaanguka. Mkwawa alipoondoka hapo na kuanza kupigana kwa vikundi vidogo vinavyohama, akisaidiwa na watu waliomficha na kumlisha, dola iliyokuwa na mizinga ilihangaika naye hadi tarehe 19 Julai 1898, alipojiua ili asitiwe mikononi mwao.

Adui aliyepandishiwa damu mara nne ni ukuta wa Kalenga: ukipata mzinga mkubwa, umemmaliza. Adui anayechagua mahali, wakati na umbali ndiye anayeufanya mzinga wako ubaki mizigoni.

Kinachochosha na kinachoamsha

Saikolojia inaeleza kwa nini tofauti hii, kati ya ukuta na adui anayechagua, inaugusa ubongo. Mwaka 1952 mwanasaikolojia Mwingereza William Hick alionyesha kuwa muda wa mtu kuitikia huongezeka kadiri machaguo yanavyoongezeka, lakini kwa hatua ndogondogo: kutoka machaguo mawili kwenda manne kunaongeza karibu kiasi kilekile kinachoongezwa na kutoka manne kwenda manane. Linganisha na damu. Ukiizidisha damu mara mbili, muda wa pambano nao unazidi mara mbili. Ukizidisha machaguo mara mbili, pambano halirefuki sana, ila kila sekunde yake inadai akili zaidi.

Kuna kikomo, hata hivyo. Nelson Cowan, katika uchambuzi wake wa mwaka 2001, alikadiria kuwa kumbukumbu ya kazi hushika vitu vipatavyo vinne kwa wakati mmoja. Mchezaji anaweza kufuatilia mdunguaji darini, mrusha guruneti ukutani, anayemzunguka kushoto, na risasi zilizobaki kwenye magazini. Mwongezee mambo mengine manne, naye ataacha kupanga na kuanza kubahatisha. Kwa hiyo ngazi ngumu haihitaji maadui thelathini. Inahitaji watatu au wanne ambao kila mmoja anadai jibu tofauti, na ambao majibu yao yanagongana: ukijificha unampa nafasi mrusha guruneti, ukitoka unampa mdunguaji.

Gemu la F.E.A.R. la mwaka 2005 lilionyesha hilo kwa vitendo. Mtaalamu wake Jeff Orkin hakuwaandikia askari wa gemu kila hatua. Aliwapa malengo na orodha ya vitendo, kisha programu ikawa inatafuta mfululizo wa vitendo unaofikisha kwenye lengo. Mlango ukizuiwa, askari anajaribu dirisha. Tena askari hao walikuwa wanapaza sauti kuambizana wanachofanya, na sauti hizo zilikuwa na kazi kubwa: ziliufanya ujanja wao usikike, ili mchezaji akifa ajue kilichomuua. Kifo chenye maelezo kinafundisha, na kisicho na maelezo kinamfanya mtu azime kompyuta.

Haki itendeke kwa damu pia. Watengenezaji wa gemu la Halo, Chris Butcher na Jaime Griesemer, walieleza mwaka 2002 kwamba katika majaribio yao wachezaji waliwaona maadui kuwa na akili zaidi pale maadui hao walipopewa uhai mrefu zaidi, ingawa akili yao haikuguswa. Sababu inaeleweka: adui anayekufa kwa risasi moja hapati muda wa kuonyesha mpango wake. Damu inafaa iwe ya kutosha kumruhusu afanye jambo moja la maana. Ikizidi hapo, ni ukuta.

Kulala au kuendelea

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Fallout 4. Mwaka 2016 watengenezaji wake, Bethesda, waliijenga upya ngazi ya juu ya gemu hilo. Mchezaji akawa anaona njaa na kiu, anaugua, risasi zinakuwa na uzito begini, na hawezi tena kuruka kutoka mji hadi mji kwa kubonyeza ramani. Kuhifadhi alipofika kukategemea kulala kitandani. Kisha wakaongeza adrenalini: kadiri unavyoua bila kupumzika, mapigo yako yanazidi nguvu, na ukilala nguvu hiyo inashuka.

Chukua dakika moja uitazame sheria hiyo kwa karibu. Umetoka kwenye pambano zito, damu imebaki robo, na kitanda kiko mbele yako. Ukilala, saa nzima ya kazi inakuwa salama, lakini unaamka dhaifu. Ukiendelea, una nguvu kuliko wakati wowote, na unabeba hatari ya kupoteza yote. Hakuna jibu moja sahihi. Ni swali lilelile la mchezaji wa bao ambaye kete yake ya mwisho imeangukia kwenye nyumba.

Vipimo vya fundi

Ukitaka kuikaza ngazi ngumu ya gemu lako, acha damu karibu na ilivyokuwa na ushughulikie vitu vingine. Changanya aina za maadui. Ruhusu kikundi kitume mmoja kuzunguka wakati wengine wanamshikilia mchezaji kwa risasi. Magemu mengi hugawa zamu za kushambulia ili maadui wote wasifyatue kwa mpigo; ongeza zamu kutoka mbili hadi tatu, na utaona pambano linavyobadilika bila kugusa namba nyingine. Punguza taarifa: ondoa alama nyekundu zinazoonyesha adui aliko, sauti za hatua zifanye kazi hiyo. Ifanye risasi iwe na thamani. Na kompyuta ndogo isikutishe, kwa kuwa kwa picha 60 kwa sekunde una milisekunde 16 na kidogo kwa kila picha, lakini adui hahitaji kupanga upya katika kila moja. Akifikiri mara mbili au tatu kwa sekunde, kwa zamu na wenzake, anatosha kabisa.

Kisha pima. Waombe wenzako wacheze, na programu irekodi mambo manne: kila pambano limechukua muda gani, mchezaji alikufa wapi, nani alimuua, na alitumia mbinu ngapi tofauti. Ikiwa muda umerefuka na mbinu zimepungua, umejenga ukuta, rudi kazini. Ikiwa vifo vimeongezeka lakini mbinu nazo zimeongezeka, na mchezaji anayekufa anaweza kukueleza kosa lake mwenyewe, umepata ugumu wa kweli. Vipimo hivyo havihitaji studio kubwa wala fedha nyingi. Vinahitaji laptopu, marafiki watano wenye subira, na mtengenezaji anayemheshimu mchezaji wake kiasi cha kuamini kwamba anaweza kufikiri.