Batri imekufa, muuzaji anakatala: ni tribinali gani itapokea kesi?

Tuseme mukaaji mumoja wa Kamina ananunua pano ya sola pamoja na batri kwa 900 000 franka. Kisha siku kumi, batri imekufa. Muuzaji anakatala kuibadilisha, na makuta harudishi. Mununuzi anasema: "Tutaonana kwa tribinali!"

Sawa, lakini tribinali gani? Mbele ya kutafuta nani ana haki, zuzi anaangalia kwanza kama kesi ile ni yake. Kama si yake, anaiacha, hata kama mwenye kushitaki ameonewa kweli. Makuta yaliyolipwa na siku zilizopotea, ni hasara ya mushitaki. Ndiyo maana ni muzuri kujua yale mambo matatu zuzi anaangalia.

La kwanza: unashitaki nani? Sheria nambari 002/2001 ya tarehe 3 mwezi wa 7 mwaka 2001 ndiyo iliweka tribinali za biashara. Kama mutu wa kawaida anashitaki mufanya biashara juu ya kitu alichomuuzia, kesi inaenda kwa tribinali ya biashara. Lakini kama ni mwenye duka ndiye anamushitaki mukaaji asiye mufanya biashara, juu ya deni kwa mufano, kesi inaenda kwa tribinali za kawaida. Kumbe duka ni lile lile, kitu ni kile kile, lakini mulango unabadilika kufuatana na nani anashitakiwa. Na fasi ambako tribinali ya biashara haijafunguliwa, tribinali za kawaida ndizo zinasikiliza.

La pili: unadai kiasi gani? Kwa tribinali za kawaida, sheria nambari 13/011-B ya tarehe 11 mwezi wa 4 mwaka 2013 inaweka mupaka: tribinali ya amani, ile watu wanaita tripaix, inapokea madai yasiyopita 2 500 000 franka. Yakipita pale, ni tribinali de grande instance. Kama bei ilikuwa kwa dola, hesabu inapigwa kwa franka. Kuongeza madai ili kumutisha muuzaji kunaweza kuhamisha kesi kutoka tribinali moja mpaka ingine.

La tatu: ni fasi gani? Kwa kawaida, mutu anashitakiwa kwake, fasi anakaa. Lakini juu ya vitu vya kununua na kuuza, unaweza pia kushitaki fasi mapatano yalifanyika ao fasi yalipaswa kutimizwa. Kwa hiyo mutu aliyenunua Kamina kwa muuzaji mwenye kukaa Lubumbashi, halazimike kufunga safari kwanza.

Hata kwa wengine ni vile. Kule Marekani, kesi ya watu wa majimbo mbalimbali, isiyogusa sheria ya taifa, haiingie kwa mahakama ya shirikisho kama haipite dola 75 000.

Basi, mbele ya kulipa kitu chochote kwa grefe, shika faktire mukononi, andika jina la duka na nambari yake ya RCCM kama iko, piga hesabu ya unachodai, kisha uliza avoka ao grefye: "Kesi hii ni ya hapa?" Asiye na faktire, atafute mashahidi walioona akilipa.