Kuigawa na Kuiandaa Diski Mpya ya Kompyuta

Diski mpya inapofungwa kwa mara ya kwanza ndani ya kompyuta ya nyumbani, mara nyingi mwenyewe hustaajabu kuona kwamba mashine haimwonyeshi mahali popote pa kuweka kazi zake. Hudhani ameuziwa diski mbovu. Kumbe diski ni nzima. Ila haina mipaka wala daftari, na kompyuta haiweki kitu mahali pasipo na anwani.

Ndani ya diski ya kuzunguka mna visahani vigumu vilivyopakwa tabaka jembamba la sumaku, vinavyozunguka kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Huko kiwandani, juu ya visahani hivyo huchorwa njia za mviringo, na kila njia hukatwa vipande viitwavyo sekta. Kwa miaka mingi sekta moja ilibeba baiti 512. Kazi hiyo haifanywi nyumbani. Zinazomngojea mwenye kompyuta ni kazi mbili: kuigawa diski katika sehemu, kisha kuziandaa sehemu hizo, yaani kuzifomati.

Kugawa kunafanana na kazi ya mpima ardhi aendaye kuweka bikoni katika pori: hajengi kitu, bali huonyesha kiwanja kinaanzia wapi na kinaishia wapi. Utaratibu wa zamani, uliotokea mwaka 1983 pamoja na kompyuta ya IBM PC XT yenye diski ya megabaiti 10, huiandika mipaka yote katika sekta ya kwanza kabisa. Katika baiti 512 za sekta hiyo, 446 ni za programu ndogo ya kuiamsha mashine, 64 ni za jedwali la mipaka, na 2 za mwisho ni alama ya uthibitisho. Kila sehemu huhitaji baiti 16 katika jedwali. Ndiyo sababu sehemu za msingi haziwezi kuzidi nne.

Mwanafunzi wa hesabu ataona hapo kikwazo kingine. Jedwali hilo hutumia biti 32 kuhesabu sekta, nazo haziwezi kupita 4,294,967,296. Zidisha kwa 512: jibu ni baiti 2,199,023,255,552. Basi mtu akiigawa diski ya terabaiti 3 kwa utaratibu huu, karibu terabaiti 0.8 hazitafikiwa kamwe, ingawa amezilipia. Utaratibu mpya, uitwao GPT, hutumia biti 64, kwa kawaida huruhusu sehemu 128, na huweka nakala ya pili ya jedwali mwishoni mwa diski. Kwa kompyuta ya leo huo ndio unaofaa, isipokuwa mashine ni kuukuu mno.

(Lipo lalamiko moja lisilo na msingi. Mwenye diski ya terabaiti 1 huonyeshwa na Windows gigabaiti 931 tu, akadhani ameibiwa. Kiwanda huhesabu gigabaiti kuwa baiti 1,000,000,000. Windows huhesabu 1,073,741,824. Baiti ni zile zile.)

Kuandaa ni kutia daftari ndani ya kiwanja kilichokwisha kupimwa: faili gani liko wapi, na nafasi ipi ni tupu. Daftari zina aina zake. FAT32 husomwa na karibu kila mashine, lakini haipokei faili linalofikia gigabaiti 4. NTFS, iliyokuja na Windows NT mwaka 1993, haina kikwazo hicho.

Kompyuta huuliza: uandaaji wa haraka au kamili? Ule wa haraka huandika daftari jipya tupu, na humalizika kwa sekunde chache. Ule kamili hupitia kila sekta. Kwa mwendo wa megabaiti 150 kwa sekunde, terabaiti 1 huchukua takriban saa 1 na dakika 51. Kwa diski mpya muda huo haupotei bure, kwani sekta mbovu hugunduliwa mapema. Tofauti hii ina uzito pia kwa shule inayogawa kompyuta zake za zamani. Baada ya uandaaji wa haraka, alama za wanafunzi na barua za mkuu wa shule hubaki juu ya visahani. Kilichochanwa ni daftari tu, na programu za uokoaji zaweza kuzisoma tena. Tangu Windows Vista, uandaaji kamili huandika sifuri katika sehemu yote. Katika Windows XP ulikuwa ukikagua tu.

Hatari kubwa kuliko zote ni kuchagua diski isiyo yenyewe. Kompyuta huhesabu diski kuanzia sifuri, hivyo "Diski 1" ni ya pili, na wengi wameifuta ile yenye picha za wazazi waliokwisha kufariki. Nambari peke yake isiaminiwe: ulinganishwe ukubwa, na jina la kiwanda lililobandikwa juu ya diski. Ikiwa Windows inawekwa upya kutoka kwenye flashi, diski ya zamani ichomolewe kabisa, kompyuta ikiwa imezimwa. Na endapo kosa limekwisha kutendeka, lisiandikwe jambo lolote jipya juu ya diski ile, hata faili moja, mpaka programu ya uokoaji iendeshwe kutoka diski nyingine.