Hatuendi Kuzungumza na Wafu

Pasaka ikikaribia, marafiki zetu wa mjini huanza maswali: ninyi Wamoraviani mnafuata nini makaburini usiku? Wengine hawaulizi, wanahukumu kabisa. Hayo, wanasema, ni matambiko ya Kinyakyusa yaliyovalishwa joho la mchungaji.

Wanaosema hivyo wawaulize Wajerumani. Ibada hii ya alfajiri ya Pasaka ilianzia Herrnhut, Saxony, mwaka 1732, pale vijana wa kiume walipopanda kilima cha makaburi kabla ya jua kuchomoza ili wausifu ufufuo penye wafu wao. Mwaka uleule kanisa hilo dogo la Wamoraviani lilituma wamisionari wake wa kwanza kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas. Huku kwetu Rungwe wamisionari wake, Theodor Meyer na wenzake, walifika mwaka 1891.

Kazi huanza Jumamosi. Majembe na mapanga hutoka, makaburi yakapaliliwa, misalaba ikapakwa chokaa, akina mama wakaja na maua. Mvua ya Aprili inanyesha, na anayeijua Tukuyu anajua mvua hiyo haina aibu. Chokaa hutiririka, ikapakwa tena. Alfajiri, giza lingali zito, tarumbeta huamsha kijiji. Watu hutoka migombani wakiwa na tochi na miavuli, viatu vimejaa tope, wazee wameshikwa mikono na wajukuu. Makaburini mchungaji hupaza sauti: Bwana amefufuka! Jibu hurudi kwa kishindo: Amefufuka kweli kweli! Kisha huja sehemu ninayoipenda kuliko zote na kuiogopa kuliko zote. Husomwa majina ya waliofariki tangu Pasaka iliyopita. Mjane anayelisikia jina la mumewe hapo hulia, na hakuna anayemkataza. Ukungu ukiruhusu, jua hulichungulia kundi hilo kutoka milima ya Livingstone.

Sasa matambiko yako wapi? Mababu zetu walisema na abasyuka, yaani mizimu ya wafu wao, wakawaomba, wakawaogopa. Monica Wilson, mwanaanthropolojia aliyekaa Unyakyusa miaka ya 1930, ameandika kwa kirefu jinsi taratibu za msiba zilivyokusudiwa kumtenga marehemu na walio hai. Zikipuuzwa, wafiwa walihofia wazimu. Vijana walicheza ngoma ya ukukina kwa mikuki, kifo kikajibiwa kwa vita. Siwacheki hata kidogo. Walimjua adui vizuri kuliko sisi tunaomficha hospitali. Ila alfajiri ile hakuna anayemwambia marehemu neno. Tunamtaja mbele ya Mungu tunayeamini kwamba aliishinda mauti, tena tunalisema hilo nyumbani kwa mauti yenyewe, usiku, wakati inapojiona ina nguvu. Kama hiyo ni mizimu, basi ni mizimu iliyofukuzwa uwanjani kwake.

 

Lililoniudhi mimi ni jingine. Kule Herrnhut mawe ya makaburi yalilazwa chini, yakafanana, mkubwa na mdogo sawa, maana wanaongoja kufufuliwa hawana daraja. Kwetu siku hizi mwenye pesa anamjengea baba yake kaburi la vigae, akaliezeka bati na kulizungushia uzio wenye kufuli. Sijui kufuli lile linamzuia nani kutoka. Jirani yake amefunikwa na magugu, watoto wako Dar es Salaam, na Jumamosi ya kupalilia wanatuma pesa kwa simu.

Na sasa usharika mmoja ninaoujua umesogeza ibada hadi saa mbili asubuhi, kwa sababu ya tope na ili mpiga picha apate mwanga. Saa mbili! Wanawake wale wa Injili walitoka kungali giza, bila kujua nani angewavingirishia jiwe, nasi tunaojua kwamba jiwe limekwisha kuondolewa tunasubiri barabara ikauke.